Kurudia Kura ya Maoni: Kisa cha Ireland na Mkataba wa Lisbon, 2008–2009

Kisa chenyewe

Tarehe 12 Juni 2008 wananchi wa Ireland waliulizwa kama nchi yao iuridhie Mkataba wa Lisbon, uliokusudiwa kupanga upya namna Umoja wa Ulaya unavyoendeshwa. Wakakataa, asilimia 53.4 kwa 46.6. Tarehe 2 Oktoba 2009 wakaulizwa tena kuhusu mkataba uleule. Safari hii wakakubali, asilimia 67.1 kwa 32.9. Kati ya kura hizo mbili hapakufutwa wala kuongezwa neno hata moja katika mkataba wenyewe.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia upande mmoja kati ya miwili. Wapo wanaosema huo ni ujanja mtupu: mwananchi anaulizwa, na akijibu tofauti na matakwa ya wakubwa anarudishwa kwenye foleni mpaka ajibu wanavyotaka. Wengine wanasema mwananchi ana haki ya kubadili mawazo, kama anavyobadili wabunge kila uchaguzi ukifika. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na ndiyo maana watu hubishana usiku kucha bila kufika popote. Ila kisa cha Ireland kina faida ambayo mabishano ya Uingereza kuhusu Brexit, yaani kujitoa Umoja wa Ulaya, hayana: kura ya pili ilipigwa kweli, na hesabu za zote mbili zipo mezani. Tunaweza kuangalia ni nani aliyehama, badala ya kukisia.

Kwa kuwa kisa ni cha nchi nzima, tarehe na takwimu zimeachwa kama zilivyo. Wahusika wanatajwa zaidi kwa vyeo vyao.

Usuli

Kati ya nchi 27 zilizokuwa wanachama wa Umoja wa Ulaya wakati huo, Ireland peke yake ndiyo iliyoupeleka Mkataba wa Lisbon kwa wananchi. Haikuwa hiari. Mwaka 1987 raia mmoja aliyekuwa mchumi aliishtaki serikali akidai haina mamlaka ya kuridhia mkataba wa Ulaya unaogusa mamlaka ya nchi bila kuwauliza wananchi. Mahakama ya Juu ikakubaliana naye. Tangu hapo kila mkataba mkubwa wa Ulaya umelazimu kubadili katiba, na katiba ya Ireland haibadilishwi ila kwa kura ya maoni.

Hukumu nyingine, ya mwaka 1995, ilikataza serikali kutumia fedha za umma kuupigia debe upande mmoja. Mwaka 1998 ikaundwa Tume ya Kura ya Maoni, iliyoongozwa na jaji, kazi yake ikiwa ni kueleza swali bila kuegemea popote. Tuliweke hilo akilini, kwa sababu Uingereza mwaka 2016 serikali ilituma kijitabu kila nyumba kikihimiza kubaki Ulaya, kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 9, na lalamiko la upande wa pili kwamba uwanja haukuwa sawa lilikuwa na mashiko.

Ireland haikuwa nchi yenye chuki na Ulaya. Mwaka 1972 asilimia 83 walikubali kujiunga. Lakini mwaka 2001 walikuwa wameshaukataa mkataba mwingine, ule wa Nice, kwa asilimia 53.9, huku waliojitokeza wakiwa kama theluthi moja tu ya wapiga kura. Mwaka uliofuata waliulizwa tena, na asilimia 62.9 wakakubali. Kwa hiyo mwaka 2008 kila mtu nchini alikwishaiona sinema hii. Kuna waliopiga Hapana wakijua kabisa kwamba huenda wakaitwa tena.

Mkataba wa Lisbon nao ulikuja na doa. Mwaka 2005 Wafaransa na Waholanzi waliikataa rasimu ya Katiba ya Ulaya katika kura zao za maoni. Sehemu kubwa ya yaliyomo ikafungwa upya kwa karatasi nyingine, ikaitwa Lisbon, na nchi hizo mbili zikairidhia bungeni bila kurudi kwa wananchi. Anayetaka kuelewa hasira za kambi ya Hapana Dublin aanzie hapo. Ukilinganisha, Waireland waliorudishwa kwenye sanduku la kura walitendewa vizuri kuliko Wafaransa ambao hawakurudishwa kabisa.

Mambo yalivyokwenda

Kampeni ya kwanza iliharibika mapema. Waziri Mkuu aliyekuwepo alijiuzulu mwanzoni mwa Mei 2008, akiwa katikati ya uchunguzi kuhusu fedha zake binafsi. Mrithi wake, Brian Cowen, aliingia ofisini wiki tano kabla ya siku ya kura. Alipoulizwa, alikiri kwamba hakuusoma mkataba mwanzo hadi mwisho. Kamishna wa Ireland katika Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, naye alisema hajausoma wote, na kwamba mtu mwenye akili timamu asingetarajiwa kuusoma. Pengine ni kweli, lakini maneno hayo hayasemwi kwa mtu unayemwomba kura.

Kambi ya Hapana ilikuwa mchanganyiko wa watu ambao wasingekaa meza moja siku nyingine: chama cha Sinn Féin, wapinga vita waliohofia nchi kupoteza msimamo wake wa kutofungamana na upande wowote wa kijeshi, Wakatoliki wahafidhina waliohofia sheria ya utoaji mimba kuletwa kwa mlango wa nyuma, wafanyakazi waliohofia ujira kushushwa, na kikundi cha Libertas kilichoongozwa na mfanyabiashara aliyesema kodi ya makampuni ya asilimia 12.5 iko hatarini. Kauli iliyowaunganisha ilikuwa fupi: kama hujui, piga Hapana. Vyama vikubwa vyote vilikuwa upande wa Ndiyo, lakini wakulima, ambao ni nguvu kubwa vijijini, walikaa pembeni wakidai kwanza serikali iahidi kutumia kura ya turufu katika mazungumzo ya biashara ya dunia. Walikubali kuunga mkono siku chache tu kabla ya kura.

Matokeo: Hapana 862,415, Ndiyo 752,451. Waliojitokeza walikuwa asilimia 53. Kati ya majimbo 43, ni 10 tu yaliyosema Ndiyo.

Shinikizo la nje halikukawia. Rais wa Ufaransa, ambaye nchi yake ilikuwa ikiingia kwenye uenyekiti wa Umoja Julai hiyo, aliripotiwa akiwaambia wabunge wa chama chake kwamba Waireland itabidi wapige kura tena. Cowen hakufurahia, na alikuwa na sababu: hakuna kilichowasaidia wapinzani wake kuliko sauti ya mgeni ikitoa amri.

Kilichofuata kilikuwa cha polepole. Serikali iliagiza utafiti wa kina wa kuwauliza waliopiga Hapana sababu zao, na ripoti ikatolewa Septemba 2008. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutouelewa mkataba. Chini yake zilikuja hofu mahususi: kupoteza kamishna (kulikuwa na mpango wa kuipunguza Kamisheni ili nchi zipokezane), kodi, utoaji mimba, jeshi. Wengi, hasa upande wa Hapana, waliamini kwamba mkataba ungelazimisha vijana wao kuandikishwa katika jeshi la Ulaya, jambo ambalo halikuwemo. Bunge nalo likaunda kamati ndogo kuchunguza mustakabali wa Ireland katika Umoja, ikatoa ripoti Novemba.

Wakati huohuo uchumi ulianguka. Mwisho wa Septemba 2008 serikali ililazimika kudhamini madeni na amana za benki zake, mzigo wa takriban yuro bilioni 440. Januari 2009 benki moja kubwa ikataifishwa. Ukosefu wa ajira, uliokuwa karibu asilimia 6 siku ya kura ya kwanza, ulikuwa umepita asilimia 12 siku ya kura ya pili. Iceland, iliyokuwa nje ya Umoja wa Ulaya na nje ya yuro, benki zake zilianguka Oktoba 2008, na kambi ya Ndiyo haikuchoka kuitaja.

Desemba 2008 viongozi wa Ulaya walikubaliana kwamba, kama Lisbon utaridhiwa, kila nchi itabaki na kamishna wake. Juni 2009 wakatoa dhamana kwa Ireland, yaani uamuzi wa maandishi wenye nguvu ya kisheria, kwamba mkataba haugusi kodi za Ireland, masharti ya katiba yake kuhusu haki ya kuishi, familia na elimu, wala msimamo wake wa kijeshi. Juu yake likawekwa tamko kuhusu haki za wafanyakazi. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza tarehe ya kura.

Njia zilizokuwepo, na kwa nini hii

Serikali ilikuwa na njia nne.

Ya kwanza ilikuwa kukubali kushindwa na kuwaambia wenzao 26 kwamba mkataba umekufa. Kisheria hilo ndilo jibu safi, kwa kuwa mkataba ulihitaji ridhaa ya kila mwanachama. Kisiasa maana yake ilikuwa nchi yenye watu wapatao milioni nne na nusu kuzuia kazi ya karibu milioni mia tano, kisha kurudi kuomba msaada wa Benki Kuu ya Ulaya wakati benki zake zinazama.

Ya pili ilikuwa kupitisha sehemu za mkataba bungeni na kusubiri kama mtu atakwenda mahakamani. Baada ya hukumu ya 1987 mtu angekwenda kweli, na nadhani angeshinda. Tena ingekuwa ni kumwambia mpiga kura usoni kwamba jibu lake halina kazi.

Ya tatu ilikuwa kuufungua mkataba na kuujadili upya. Nchi nyingi zilikuwa zimekwisha kuuridhia. Neno moja lingebadilishwa, zote zingeanza upya, na hakuna aliyekuwa tayari.

Ikabaki ya nne: kuacha mkataba ulivyo, kutafuta majibu ya maandishi kwa hofu zilizotajwa, na kurudi kwa wananchi. Mtu anaweza kusema walichagua njia hii kwa sababu nyingine zilikuwa zimefungwa, na sitabishana naye. Lakini zingatia walichofanya kwanza. Kabla ya kutangaza kwamba kutakuwa na kura ya pili, walitafuta kujua kwa nini watu walikataa. Serikali nyingi zilizoshindwa huanza na jibu, kwamba watu walidanganywa, kisha hutafuta ushahidi wake.

Uamuzi mwingine ulikuwa wa kimya zaidi, na naona ulikuwa na uzito kuliko dhamana zenyewe. Mwaka 2009 serikali ya Cowen ilichukiwa. Chama chake kilichapwa katika chaguzi za mitaa na za Bunge la Ulaya mwezi Juni. Kura ya pili ingeendeshwa na mawaziri peke yao, ingegeuka kuwa siku ya kuwaadhibu. Badala yake makundi ya kiraia yakatangulia mbele, likiwemo moja lililoongozwa na aliyewahi kuwa Rais wa Bunge la Ulaya, pamoja na ya vijana na ya wanawake. Makampuni makubwa yenye viwanda na ofisi nchini nayo yakajitokeza waziwazi, baadhi yakitumia fedha zao kwenye kampeni.

Matokeo

Ndiyo 1,214,268, Hapana 594,606. Waliojitokeza walifika asilimia 59. Majimbo mawili tu, yote ya kaunti ya Donegal iliyo kaskazini-magharibi, yalibaki na Hapana. Mkataba ulianza kutumika tarehe 1 Desemba 2009, baada ya Rais wa Jamhuri ya Cheki kuusaini akiwa wa mwisho.

Ahadi zilitekelezwa. Dhamana za Juni 2009 ziliingizwa baadaye katika itifaki rasmi, na mwaka 2013 viongozi wa Ulaya walithibitisha kwamba Kamisheni itaendelea kuwa na kamishna mmoja kwa kila nchi. Leo wako 27. Mpango wa awali wa kuipunguza Kamisheni ili nchi zipokezane umelazwa kabatini, na aliyeulaza ni mpiga kura wa Ireland aliyesema Hapana Juni 2008. Wanaosema ile kura ya kwanza ilipotea bure husahau hili.

Ahadi nyingine hazikutimia. Mabango ya kampeni ya pili yalizungumzia ajira na kufufuka kwa uchumi. Novemba 2010 Ireland ilipiga magoti kuomba mpango wa uokoaji wa yuro bilioni 85, na ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi karibu asilimia 15. Februari 2011 chama cha Cowen kilitoka viti 77 hadi 20. Waliopiga Ndiyo kwa kuahidiwa kazi walikuwa na haki ya kujiona wamedanganywa, hata kama mkataba wenyewe haukuwa chanzo cha balaa hilo.

Uchambuzi: nani alibadilika?

Hapa ndipo takwimu zinapoanza kusema. Linganisha marudio mawili ya Ireland.

Katika Mkataba wa Nice, kura za Hapana zilikuwa 529,478 mwaka 2001 na 534,887 mwaka 2002. Hazikupungua hata kidogo, bali ziliongezeka kwa elfu tano na ushei. Kura za Ndiyo ndizo zilizotoka 453,461 hadi 906,317. Kwa ujumla, waliokataa hawakubadili msimamo. Kilichotokea ni kwamba mara ya kwanza watu wengi waliokubaliana na mkataba walikaa nyumbani, na mara ya pili waliamshwa.

Katika Lisbon mambo yalikuwa tofauti. Kura halali ziliongezeka kwa takriban 194,000. Hapana ilipungua kwa takriban 268,000, na Ndiyo ikaongezeka kwa takriban 462,000. Hata tukisema kila mpiga kura mpya alikwenda upande wa Ndiyo, bado kuna robo milioni na zaidi ambao hawaelezeki kwa kujitokeza peke yake. Huenda baadhi ya waliokataa mara ya kwanza hawakurudi kituoni, lakini kwa pengo kubwa namna hii, watu wengi walihama kutoka Hapana kwenda Ndiyo.

Tofauti hii ina uzito kwa yeyote anayejiuliza kama kura irudiwe. Tafiti za maoni husema "maoni yamebadilika" kwa hali zote mbili, ilhali ni vitu viwili. Pale ambapo waliokataa bado wanakataa, na kilichobadilika ni kwamba waliolala wameamka, kura ya pili itawashinda watu bila kuwashawishi, nao watabaki na kinyongo. Pale ambapo waliokataa wenyewe wamehama, kura ya pili inaandika jambo ambalo tayari limetokea. Nice ilipita kwa njia ya kwanza, Lisbon kwa njia ya pili, na sioni ajabu kwamba baada ya Lisbon malalamiko yalififia haraka zaidi.

Ila waliohama, walihamishwa na nini? Wapenzi wa dhamana watasema dhamana. Mimi naona hofu ya uchumi ilifanya kazi kubwa kuliko zote. Dhamana ziliwapa watu sababu yenye heshima ya kufanya kile ambacho kuanguka kwa benki kulikuwa kumeshawasukuma kufanya. Hilo halizifanyi dhamana kuwa pambo. Mtu akibadili msimamo anahitaji kitu cha kumwambia jirani yake kilichobadilika, na karatasi iliyokubaliwa na viongozi 27 ilikuwa kitu hicho. Bila karatasi, kura ya pili ingekuwa ni swali lilelile kwa watu walewale wakiwa na njaa zaidi.

Palipokuwa na kasoro

Hoja nzito ya kambi ya Hapana haijajibiwa mpaka leo: ni Hapana tu inayorudiwa. Oktoba 2009 Ndiyo iliposhinda, hakuna aliyependekeza raundi ya tatu ili timu zitoshane nguvu. Ndiyo ni mlango unaofungwa ukishapita, Hapana ni mlango unaogongwa tena. Anayetetea marudio hana budi kujiuliza kama angeyakubali upande wake ungekuwa ndio ulioshinda kwanza. Wengi wakijiuliza hivyo kwa dhati, sauti zao hupungua.

Serikali nayo ilifanya makosa. Iliacha mkataba ujieleze wenyewe mwaka 2008, ukiwa umeandikwa kwa mtindo wa kurekebisha mikataba mingine, hivi kwamba kifungu kimoja hakisomeki bila kufungua nyaraka nyingine mbili. Iliacha dhana ya jeshi la kulazimishwa iote mizizi bila kuing'oa mapema. Mengi ya yaliyoandikwa kwenye dhamana za Juni 2009 yalikuwa tayari kweli Juni 2008. Kama yangesemwa kwa maandishi kabla ya kura ya kwanza, huenda pasingekuwa na kura ya pili.

Kilichofanya marudio yale yavumilike ni kwamba kanuni hazikuguswa. Wapiga kura walikuwa walewale kisheria, wingi uliohitajika ulikuwa uleule, Tume ya Kura ya Maoni ilikuwepo, fedha za umma zilikatazwa kwa pande zote. Walioshindwa hawakuweza kusema goli limesogezwa.

Uingereza, kwa kulinganisha

Uingereza ilipiga kura tarehe 23 Juni 2016: asilimia 51.9 kutoka, 48.1 kubaki. Kwa miaka mitatu na nusu waliotaka kurudia waliandamana, walikusanya saini kwa mamilioni, na tarehe 1 Aprili 2019 pendekezo la kupeleka makubaliano ya kujitoa kwa wananchi lilishindwa bungeni kwa kura 280 dhidi ya 292. Walikosa kwa kura 12.

Ukipima kwa kipimo cha Ireland, utaona walichokosa. Tafiti za maoni za 2018 na 2019 zilionyesha wanaotaka kubaki wakizidi kidogo, lakini sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka kwa watu ambao hawakupiga kura mwaka 2016. Waliopiga kura ya kutoka wengi wao walikuwa palepale. Hiyo ni hali ya Nice, na katika nchi iliyogawanyika vibaya zaidi. Wala hapakuwa na serikali iliyokwenda kuwauliza waliotaka kutoka sababu zao, ikarudi na majibu ya maandishi. Kulikuwa na makubaliano ya Waziri Mkuu May, yaliyokataliwa bungeni mara tatu, na waliotaka kura ya pili wengi wao hawakuwa na mpango wa kuyatetea makubaliano hayo. Walitaka kufuta.

Kulikuwa pia na suala la nani apige kura. Mwaka 2016 raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza waliruhusiwa, hivyo Mkenya, Mtanzania au Mganda mkazi wa London alikuwa na kura, ilhali Mfaransa au Mpolandi aliyeishi jirani yake miaka ishirini hakuwa nayo. Baadhi ya watetezi wa marudio walitaka raia wa Ulaya na vijana wa miaka 16 waongezwe. Madai yao yanaeleweka, lakini siku ambayo ungepanua daftari la wapiga kura kati ya raundi ya kwanza na ya pili, ndiyo siku ambayo walioshinda raundi ya kwanza wangeacha kuitambua ya pili.

Desemba 2019 vyama vilivyotaka kura ya pili au kufuta Brexit, ukijumlisha kura zao, vilipata zaidi kidogo ya nusu. Chama kilichotaka kutoka mara moja kilipata asilimia 43.6 na viti 365. Tarehe 31 Januari 2020 nchi ikatoka. Miaka michache baadaye tafiti zikaanza kuonyesha zaidi ya nusu ya Waingereza wakiona kutoka kulikuwa kosa. Wakati huo swali lilikuwa limebadilika: kurudi si sawa na kutotoka.

Kenya, na njia ya tatu

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wake. Novemba 2005 Wakenya waliikataa rasimu ya katiba, chungwa, alama ya Hapana, likiishinda ndizi, alama ya Ndiyo, kwa karibu asilimia 58. Agosti 2010 takriban theluthi mbili waliikubali katiba mpya. Hayo hayakuwa marudio kwa maana ya Ireland. Maandishi yalikuwa mengine, yameandaliwa na Kamati ya Wataalamu iliyopewa kazi kisheria ya kutambua masuala yaliyowagawa watu, likiwemo la mamlaka ya rais na la ugatuzi, na kuyatafutia suluhu. Kati ya kura hizo mbili kulikuwa na miaka karibu mitano na maafa ya baada ya uchaguzi wa 2007. Ireland yenyewe ilifanya hivyo katika suala la talaka: ilikataliwa mwaka 1986 kwa asilimia 63.5, sheria za kutengana na za mali zikarekebishwa, na mwaka 1995 ikapita kwa tofauti ya kura 9,114 tu. Njia hii ni ndefu, lakini ni vigumu kumlaumu mtu aliyerudi na swali jipya.

Ireland baada ya hapo

Isidhaniwe kwamba Ireland ilizoea kurudia kila inaposhindwa. Mwaka 2013 serikali ilitaka kulifuta Baraza la Seneti, ikakataliwa kwa asilimia 51.7, pengo dogo kuliko la Lisbon, na swali halikurudishwa. Machi 2024 mapendekezo mawili ya kubadili vifungu vya familia na malezi yalikataliwa kwa asilimia 67.7 na 73.9, serikali ikakubali matokeo. Marudio ya haraka yamekuwa ya mikataba ya Ulaya peke yake, pale ambapo wenzao walikuwa wanasubiri mlangoni.

Wenzao nao walijifunza, ila somo lao lilikuwa jingine. Mkataba wa kubana bajeti wa 2012 uliandikwa uanze kutumika mara nchi 12 kati ya 17 za yuro zitakapouridhia, bila kungoja zote. Waireland walipoupigia kura tarehe 31 Mei mwaka huo, asilimia 60.3 walikubali. Wangekataa, ungeanza bila wao.